Gitaa la Sanduku na Upepo wa Ufipa

Gitaa langu la kwanza nililigundisha mwezi Januari, mvua ikipiga bati mpaka sikusikia randa yangu mwenyewe. Februari liliimba, Machi liliimba, Aprili nikalipeleka kwenye mazoezi ya kwaya na watu wakalisifu. Mei upepo ukaanza kuvuma kutoka mashariki, usiku ukawa wa blanketi mbili, na asubuhi moja ya Julai nikasikia mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa. Uso wa gitaa ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye daraja hadi ukingoni, ufa wa kuingiza ukucha. Mbao ilikuwa nzuri na gundi ilikuwa nzuri. Nilichokosea ni mwezi.

Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaonijia kutaka kujua namna ya kutengeneza gitaa la sanduku huuliza kwanza, "Mbao gani?" Ni swali zuri, na nitalijibu. Lakini hapa Sumbawanga swali la "lini?" lina uzito uleule, na hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachokuandikia jibu lake, kwa sababu waliokiandika hawajawahi kulala na upepo wetu wa kiangazi.

Tuanze na mbao. Mafundi wa magitaa duniani wanausifu sana mwerezi. Neno hilo likitajwa kwetu, akili inakwenda moja kwa moja kwenye mierezi ya Lebanoni ambayo Sulemani alijengea hekalu. Wao wanazungumzia mti mwingine kabisa. Mwerezi mwekundu wa magitaa hukua pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani, na ulipata heshima kwenye miaka ya 1960, pale José Ramírez wa Tatu, fundi wa Madrid, alipoanza kuutumia kwa nyuso za magitaa yake badala ya mbao nyeupe ya Ulaya iliyozoeleka. Jina la mwerezi umepewa tu. Kwa ukoo ni jamii ya saipresi. Ndiyo, saipresi hii hii iliyopandwa kwa mistari kuzuia upepo kwenye misheni na shule nyingi za nyanda zetu, ambayo matawi yake yanakatwa kila Desemba kwa ajili ya Krismasi. Mtarakwa wa kaskazini, ule wa Kilimanjaro, Meru na Usambara uliotengenezewa penseli, nao ni wa ukoo huo huo.

Upo pia "mwerezi" wa tatu, msedrela, ulioletwa kutoka Amerika ya Kati na Kusini na kupandwa sehemu kadhaa za nchi yetu. Huo ni ndugu wa mkangazi. Mbao yake ni nyepesi, inanukia, wadudu hawaipendi, na ndiyo iliyotengenezewa masanduku ya sigara huko Amerika. Gitaa la sanduku lilizaliwa hapo: katika karne ya 19 watu wa Marekani wasio na fedha ya chombo cha dukani walichukua sanduku tupu la sigara, wakalipenyeza mti, wakaufunga nyuzi. Mpaka leo shingo za magitaa mengi ya Kihispania huchongwa kwa msedrela.

Kwa hiyo ukienda kwenye magenge ya mbao hapa mjini usiulizie mwerezi, utazungushwa tu. Ulizia saipresi. Ukiikosa, chukua paina, iwe ya hapa au iliyopanda lori kutoka Mbeya na Iringa. Paina ina utomvu mwingi zaidi na mistari yake ya umri huwa mipana kwa sababu ya kukua haraka, lakini ikikauka vizuri inaimba. Mbao zote mbili ni za bei ya kupaulia, na mahitaji yako ni madogo sana: huhitaji mbao safi ya futi kumi na mbili, unahitaji sentimita 50 zisizo na kifundo. Mbao iliyokataliwa na fundi wa paa kwa sababu ina vifundo viwili inaweza kuwa na uso wa gitaa katikati ya vifundo hivyo.

Naisisitiza bei kwa sababu nimeona vijana wakikata tamaa wakidhani gitaa la kweli ni la mninga mtupu au mpingo. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania ambaye magitaa ya leo yamerithi umbo la kazi yake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu. Uso peke yake ndio aliouweka mbao nzuri, iliyochongwa kwa uangalifu wake wote. Alitaka kuonyesha sauti inatoka wapi. Gitaa hilo bado lipo, limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Ukiwa na shilingi kidogo na saa nyingi, peleka zote kwenye uso. Mbavu na mgongo vinaweza kuwa vya kawaida kabisa.

Sasa namna ya kuchagua. Usichukue mbao ya juu ya rundo. Omba ruhusa, pindua, na tazama kitako cha kila mbao pale msumeno ulipokata. Utaona mistari ya umri wa mti. Kwenye mbao nyingi mistari hiyo imelala au imejikunja kama kilima, ziache. Unatafuta ile ambayo mistari imesimama wima kutoka uso mmoja hadi wa pili, kama fito za uzio. Hizo hutoka karibu na katikati ya gogo na huwa chache, pengine utapindua mbao ishirini upate moja, na muuzaji atakuwa ameshakuchoka. Vumilia. Mbao inaposinyaa kwa ukavu, urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Upana ndio unaopungua. Na mbao yenye mistari iliyosimama hupungua upana karibu nusu tu ya ile yenye mistari iliyolala. Nusu hiyo ndiyo tofauti ya uso unaodumu na uso unaopasuka Julai.

Ukishaipata, ishike kwa vidole viwili karibu na robo ya urefu wake, iache ining'inie, uigonge katikati kwa kifundo cha kidole. Mbao yenye maji hutoa sauti ya kugonga gunia. Mbao nzuri hujibu, na sauti inabaki kidogo hewani. Sikio lako litajifunza haraka kuliko unavyodhani.

Mbao ya 1x8 inakutosha. Mpelekee mwenye mashine aipasue unene wake katikati upate mapande mawili ya milimita 8 au 9 kila moja. Yafungue kama kitabu: utaona mistari ya upande wa kushoto inaangaliana na ya kulia kama mabawa ya kipepeo. Mapande hayo mawili yakiunganishwa ubavu kwa ubavu ndiyo uso wa gitaa. Usiyaunganishe bado.

Hapa ndipo upepo unapoingia kazini. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe kwa urefu wake, bila mtu kukaa anapuliza mvukuto. Ninapopanga mbao zangu kwenye baraza mwezi Juni huwakumbuka. Kuanzia Mei hadi Oktoba tanuru la kukaushia mbao, ambalo viwanda vya wenzetu hulilipia umeme, linapita bure mlangoni kwako. Kinachotakiwa ni kulitumia kwa akili. Paka rangi au gundi kwenye vitako vya mapande ili maji yasitoke haraka huko na kupasua ncha. Yapange mahali penye kivuli, upepo upite, ukitenganisha kila moja na jingine kwa vijiti vya unene mmoja, na juu yake weka tofali mbili tatu ili yasijikunje. Usiyaanike juani. Jua la Ufipa lina ubaridi unaodanganya ngozi, lakini mbao nyembamba juani hujipinda kama chapati jioni hiyo hiyo.

Utajuaje zimekauka? Usikisie. Nenda na pande moja dukani kwa jirani, lipime kwenye mizani, andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Rudia kila wiki. Uzito utashuka, utashuka taratibu, kisha utasimama. Ukisimama kwa wiki tatu mfululizo, maji yaliyotaka kutoka yametoka. Mbao ikiwa na unene wa milimita 8, kiangazi kimoja kinatosha.

Kisha gundisha Agosti au Septemba, wakati mbao imefikia ukavu wake wa mwisho. Mvua ya Novemba ikija, uso utavimba kidogo na kuinuka katikati, na hakuna ubaya. Una nafasi ya kuinuka. Lakini uso uliogundishwa masika, umebanwa pande nne na sanduku, ukianza kusinyaa Juni hauna pa kwenda. Utapasuka, au utang'oa gundi. Ndiyo habari ya gitaa langu la Januari.

Walioko bondeni, Muze au Ilemba, na walioko ziwani Kasanga, Kirando na Kipili, wana mashaka yao. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,000 chini yetu, na hewa yake ni ya joto lenye unyevu. Gitaa lililotengenezwa huko likipandishwa Sumbawanga kwenye Pasaka halitapata shida. Likipandishwa Julai, lipumzishe kwanza ndani ya mfuko wake siku kadhaa pamoja na kitambaa chenye maji kidogo kilichowekwa kwenye kopo lenye matundu, ndipo ulifungue.

Twende kwenye sanduku. Sikupinda mbavu kwenye magitaa yangu ya mwanzo na sikushauri upinde kwenye lako. Umbo la kiuno ni zuri kwa paja na kwa macho, ila sauti hailidai. Tengeneza mstatili ambao kwa ndani ni sentimita 46 kwa 32, kina sentimita 9 na nusu. Ndani yake mna hewa ya takriban lita 14, chini kidogo ya robo tatu ya debe la lita 20, na hicho ndicho kiasi kinachokaribiana na gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni. Mbavu zitoke kwenye mbao ya paina iliyopasuliwa kwa upana na kupigwa randa hadi milimita 12. Kona ziwe za mraba kamili. Kagua kwa skwea, na kagua tena kwa kupima kutoka kona hadi kona, vipimo viwili vilingane. Ndani ya kila kona gundisha kipande cha pembetatu. Usitegemee misumari. Msumari hushika leo na kulegea kesho, na ukilegea hutetemeka na nyuzi ukakuletea mlio wa nyuki usiojua unatoka wapi.

Mgongo weka plaiwudi ya milimita 4 bila aibu yoyote. Kulikuwa na magitaa ya bei ndogo yaliyotengenezwa Afrika Kusini, Gallotone Champion, yenye maandishi ndani yakimhakikishia mnunuzi kwamba gitaa lake halitapasuka. Siri ya ujasiri ule ni mbao za tabaka, maana kila tabaka huzuia lenzake lisisinyae. Mwaka 1957 kijana John Lennon wa Liverpool alikuwa akipiga gitaa la aina hiyo kwenye kikundi chake cha kwanza. Plaiwudi kwa mgongo ni uamuzi wa busara hapa kwetu. Kwa uso hapana. Tabaka zile zile zinazozuia ufa huzuia pia mtetemo.

Uso sasa. Nyoosha kingo za yale mapande mawili kwa randa ndefu mpaka ukiyasimamisha pamoja mbele ya dirisha hakuna mwanga unaopita katikati. Hapa usikubali "inatosha." Gundi haijazi nafasi, inaunganisha vitu vinavyogusana. Paka gundi nyeupe ya mbao, yabane kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa na kuzungushwa, acha hadi kesho. Tyubu ni klampu bora kuliko nyingi za dukani. Inabana kote kwa nguvu moja na haiachi alama.

Kisha piga randa mpaka unene wa milimita 3, au 3 na nusu kama mkono wako bado haujazoea. Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua siku mbili, chukua tatu. Kila baada ya muda simama, shika ubao kwa kingo, uukunje kidogo, uugonge. Mwanzoni utasikia sauti ya mlango. Ukiendelea kupunguza, sauti inashuka na kufunguka, mpaka wakati fulani ubao unaacha kuwa kipande cha seremala na kuanza kuwa ngozi ya ngoma. Siwezi kukuandikia wakati huo kwa milimita, kwa sababu kila mbao ina wake. Milimita zinakufikisha karibu. Mkono na sikio vinamalizia. Nimewahi kuona kijana aliyetoka kutengeneza vitanda akaufikia wakati huo siku yake ya kwanza, akanyamaza, akaugonga ubao ule tena na tena kwa robo saa.

Uso mwembamba namna hiyo hauwezi kusimama wenyewe. Chini yake gundisha fito tatu za saipresi zinazokatiza upana, kila moja milimita 8 kwa 15, ncha zake zikipunguzwa ziwe nyembamba. Moja iwe sentimita nne kutoka ukingo wa juu, ya pili chini ya matundu ya sauti, ya tatu sentimita nne nyuma ya mahali litakapokaa daraja. Kabla ya kuzigundisha, chonga upande unaogusa uso uwe na mviringo mdogo sana, milimita mbili tu katikati, ili uso uinuke kama mgongo wa kobe. Uso ulioinuka kidogo una akiba ya kushuka kiangazi bila kupasuka.

Kuhusu tundu la sauti, gitaa la dukani lina moja la sentimita 8 na nusu hivi katikati. Kwako shingo itapita katikati ya sanduku, kwa hiyo toboa mawili ya sentimita 6, moja kila upande. Eneo la mawili hayo ni sawasawa na la lile moja kubwa, na sanduku litapumua vilevile.

Shingo ndiyo mahali pekee ninapopenda mbao ngumu, na ninayoipenda ni mninga. Mninga husinyaa kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingine, ndiyo maana milango ya mninga haibani masika. Unahitaji mti wa inchi mbili kwa mbili, urefu wa mita moja, na karakana za samani za mjini huwa na masalia ya kiasi hicho pembeni ya mashine. Nunua masalia. Usimfuate mtu anayekuletea gogo usiku, wala usikate mti kwenye msitu wa Mbizi, uliohifadhiwa kwa ajili ya maji yetu na mbega wekundu waliobaki. Mkurungu, ndugu wa mninga, ulivunwa kwa pupa katika mikoa yetu na upande wa Zambia mpaka mwaka 2019 ukaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kipande cha mita moja kutoka kwenye vumbi la karakana hakimdhuru mtu. Ukiuchonga mninga funga kitambaa puani. Vumbi lake huwasha kifua.

Mti wa shingo unapita ndani ya sanduku toka mwanzo hadi mwisho. Nje ya sanduku upunguze kwa nyuma ubaki na unene wa milimita 22, uviringike kiganjani. Ndani ya sanduku upunguze kwa juu, karibu milimita 20, ili usiguse uso wala fito. Usiguse hata kidogo. Mti ukiugusa uso, umeuziba mdomo. Kichwa kichonge kishuke sentimita moja chini ya usawa wa shingo, nyuzi zipate mteremko wa kushika. Juu ya shingo gundisha ubao wa vidole, kipande cha mninga au mkurungu wa masalia chenye unene wa milimita 6.

Freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao wa vidole, huwatisha watu bila sababu. Urefu wa uzi, kutoka nati, kile kizingiti cha nyuzi kichwani, hadi kwenye daraja, uwe milimita 650, na shingo iingie kwenye sanduku pale freti ya 12 inapokaa. Gawanya 650 kwa 17.817 upate 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza. Toa, ubakiwe na 613.5, gawanya tena kwa 17.817, upate umbali wa kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo kwa kikokotoo cha simu, lakini jumlisha kila mara na upime zote kutoka kwenye nati kwa futi moja isiyosogezwa, maana makosa madogo madogo hujumlishana. Ukaguzi wako ni huu: freti ya tano iangukie 163, ya saba 216.2, na ya kumi na mbili 325 kamili, nusu ya uzi. Zisipoangukia hapo, rudia hesabu kabla ya kushika msumeno.

Waya wa freti ni adimu huku. Spoku za baiskeli zinafaa kabisa kwa nyuzi za nailoni. Kata mfereji mwembamba kwa msumeno wa chuma, upanue kwa tupa ya pembetatu, laza kipande cha spoku nusu izame nusu ibaki juu, gundisha kwa gundi ya chuma ya kuchanganya. Pitisha rula ndefu juu ya freti zote. Inayotikisa rula imeinuka, ipige tupa.

Nati na daraja chonga kwa mfupa wa mguu wa ng'ombe uliochemshwa na kukwanguliwa mpaka usiwe na mafuta, daraja likiwa na miguu ya mninga. Funguo za kukazia nyuzi ni bora ununue au uzitoe kwenye gitaa bovu. Stoo nyingi za kwaya zina moja limelala. Nyuma ya sanduku, pale mti wa shingo unapotokeza, funga bawaba ya mlango ya inchi tatu na uitoboe matundu sita. Nyuzi zitashikwa na bawaba, zipande juu ya daraja, ziende kichwani. Hivyo nyuzi zinalikandamiza daraja badala ya kuling'oa, na daraja haligundishwi. Linakaa kwa mgandamizo tu. Urefu wake utakuwa milimita 14 hivi. Lilete taratibu mpaka uzi uwe milimita 4 juu ya freti ya 12.

Tafadhali tumia nailoni. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa jumla ya kilo 70 au zaidi. Za nailoni huvuta karibu kilo 40. Sanduku lako la saipresi litabeba 40 kwa miaka. Nyaya za breki za baiskeli, ambazo wengi wetu tulianza nazo, hukata vidole na kuvunja nyuso. Nyuzi nene tatu zilizosokotwa nunua, lakini zile tatu nyembamba wavuvi wanazo: mshipi wa nailoni wa milimita 0.7, 0.8 na 1.0. Na si uganga wa maskini. Nyuzi za gitaa za nailoni zenyewe zilianza miaka ya 1940 huko New York, utumbo wa kutengenezea nyuzi ulipoadimika kwa vita na fundi Albert Augustine akageukia nailoni. Ukikosa baadhi ya zile nene, funga nne kwanza. Wenzetu ng'ambo ya mto Kalambo, upande wa Zambia, hutengeneza magitaa ya mkono ya nyuzi chache wanayoyaita banjo, na muziki wa kalindula umesimama juu yake.

Ukipata nafasi, wakati gundi inakauka, sikiliza rekodi ya wimbo Masanga ya Mwenda Jean Bosco, iliyochukuliwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo, huko Katanga ng'ambo ya ziwa letu. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, na unasikia watu watatu. Mchezo ule wa vidole unalifaa gitaa la sanduku kuliko kupiga nyuzi zote kwa pamoja. Kila noti inapata nafasi yake.

Vanishi iwe nyembamba, mikono miwili basi, na msasa laini katikati. Vanishi nene ni blanketi juu ya uso uliohangaika siku tatu kuuamsha.

Siku ya kufunga nyuzi usikaze zote mara moja. Zifikishe nusu, ziache usiku kucha, ongeza kesho. Nailoni itanyooka kwa siku kadhaa na utachoka kukaza. Ni kawaida yake. Zikitulia, piga uzi mtupu ukiugusa kwa wepesi juu ya freti ya 12, kisha ubonyeze hapo hapo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja nyuma, nywele kwa nywele. Mara nyingi linaishia milimita 652. Kisha weka alama ya penseli pembeni ya miguu yake.

Na chonga daraja la pili siku hiyo hiyo. Masika uso utainuka na nyuzi zitakuwa mbali na vidole; kiangazi utashuka na nyuzi zitaanza kugonga freti. Tofauti ni milimita moja, pengine moja na nusu. Madaraja yangu nimeyaandika kwa penseli chini ya miguu, moja "masika", jingine, lililo refu kidogo, "kiangazi". Lisilotumika linakaa ndani ya mfuko wa gitaa, limefungwa kwenye kipande cha kanga, na wiki ya kwanza ya Juni, upepo unapoanza kutikisa bati usiku, nalegeza nyuzi na kubadilisha.